Kuondoka kwa Majeshi ya Kigeni Mashariki mwa Kongo: Ridhaa, Ombwe la Usalama na Ulinzi wa Raia, 1960–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali la iwapo majeshi ya kigeni yaondoke katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususani katika majimbo ya Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Mara nyingi swali hilo hujadiliwa kana kwamba lina majibu mawili tu: yaondoke au yabaki. Kwa kupitia maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki na historia ya matukio matatu ya kuondoka, yaani mwaka 1964, 2003 na 2024, makala yanaonesha mambo mawili. Kwanza, istilahi "majeshi ya kigeni" inajumuisha makundi yenye hadhi tofauti kisheria, na kila kundi linastahili jibu lake. Pili, katika matukio yote matatu kuondoka kwa jeshi moja hakukuiacha nchi bila askari wa kigeni, bali kulifuatiwa na kuingia au kusonga mbele kwa wengine. Makala yanahitimisha kuwa jeshi lililoingia bila ridhaa linapaswa kuondoka bila masharti, ilhali jeshi lililoalikwa linapaswa kuondoka kwa kufuata kigezo cha nani atawalinda raia baada yake, si kwa kufuata kalenda pekee.

Maneno muhimu: majeshi ya kigeni, ridhaa, ulinzi wa amani, ulinzi wa raia, Kongo

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Julai 1960, wiki mbili baada ya Kongo kupata uhuru, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 143. Azimio hilo fupi lilibeba mambo mawili makuu. Liliitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake katika ardhi ya Kongo, na lilimruhusu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuipatia serikali ya Kongo msaada wa kijeshi. Kwa maneno mengine, askari wa kigeni wasiotakiwa na mwenyeji waliambiwa watoke, na askari wa kigeni walioombwa na mwenyeji wakaruhusiwa kuingia.

Miaka 65 baadaye, tarehe 21 Februari 2025, Baraza hilohilo lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773. Azimio hilo lililitaka jeshi la Rwanda liache kuliunga mkono kundi la M23 na liondoke mara moja katika ardhi ya Kongo bila masharti. Wakati azimio hilo linapitishwa, walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wangali Goma, katika mji ambao tayari ulikuwa mikononi mwa waasi. Walinda amani haohao walikuwa wameombwa na serikali ya Kinshasa, chini ya miaka miwili kabla, waharakishe kufunga virago.

Maazimio haya mawili yanaonesha kwamba suala la kuondoka kwa majeshi ya kigeni nchini Kongo si geni, na kwamba tangu awali halikuwa suala moja. Hata hivyo, katika mijadala ya kisiasa, magazetini na mitaani, suala hili huelezwa kwa sauti moja: wageni watoke. Kauli hiyo ina uzito wa kihistoria na kihisia ambao mtafiti hana haki ya kuupuuza. Tatizo lake ni kwamba haimsaidii mkazi wa Bukavu, Bunia au Kamanyola kujua atakuwa salama kiasi gani siku ya pili baada ya mgeni huyo kutoka. Makala haya yanakusudia kuliweka swali hilo katika namna inayoweza kujibika.

2.0 Mbinu na Mipaka ya Uchunguzi

Uchunguzi huu ni wa kimaktaba. Umetumia nyaraka za umma, hususani maazimio ya Baraza la Usalama kuanzia mwaka 1960 hadi Februari 2025, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 19 Desemba 2005 katika kesi kati ya Kongo na Uganda, pamoja na kumbukumbu za matukio yanayojulikana. Matukio yaliyochambuliwa yamechaguliwa kwa sababu yanatofautiana: la kwanza linahusu jeshi la Umoja wa Mataifa lililoondoka kwa kukosa fedha, la pili jeshi la jirani lililoondoka kwa mkataba, na la tatu jeshi la Umoja wa Mataifa lililoondoka kwa kuombwa na mwenyeji. Tofauti hizo zinatuwezesha kuona kinachojirudia hata pale sababu za kuondoka zisipolingana. Makala hayajadili uhalali wa madai ya kila upande kuhusu chanzo cha vita, ila pale madai hayo yanapogusa moja kwa moja suala la kuondoka.

3.0 Nani Anaitwa Jeshi la Kigeni?

Neno "kigeni" humweka pamoja kila askari asiye raia wa nchi. Katika sheria ya kimataifa, hata hivyo, uraia wa askari si jambo la kwanza kuulizwa. La kwanza ni ridhaa: je, mwenye nchi amekubali? Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza matumizi ya nguvu dhidi ya uhuru wa kisiasa na mipaka ya nchi nyingine. Askari anayevuka mpaka bila ridhaa ya mwenyeji, bila idhini ya Baraza la Usalama na bila msingi halali wa kujihami, anavunja katazo hilo hata kama hajafyatua risasi.

Kwa kigezo hiki, askari wa kigeni walioko au waliowahi kuwako mashariki mwa Kongo katika miaka ya karibuni wanagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wenye idhini ya jumuiya za kimataifa au za kikanda. Humo umo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa kwa azimio namba 1279 la tarehe 30 Novemba 1999 kwa jina la MONUC, ukabadilishwa jina kuwa MONUSCO tarehe 1 Julai 2010. Mwaka 2013, kwa azimio namba 2098, ujumbe huo uliongezewa kikosi maalumu cha kujibu mashambulizi kilichoundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Humo pia kimo kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichokuwapo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022 hadi Desemba 2023, na kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kilichoanza kazi tarehe 15 Desemba 2023.

Kundi la pili ni la walioalikwa kwa makubaliano ya nchi na nchi. Jeshi la Uganda liliingia Novemba 2021 kupambana na waasi wa ADF kwa ushirikiano na jeshi la Kongo. Askari wa Burundi nao wamekuwa Kivu ya Kusini kwa makubaliano na Kinshasa.

Kundi la tatu ni la wasioalikwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika taarifa yao ya katikati ya mwaka 2024, walikadiria kuwa askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa Kivu ya Kaskazini wakipigana pamoja na M23. Serikali ya Rwanda imekuwa ikikana kulisaidia kundi hilo. Imeeleza kuwa inachofanya ni kujihami dhidi ya FDLR, kundi ambalo miongoni mwa waasisi wake ni watu waliohusika na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994.

Mpaka kati ya makundi haya si ukuta wa mawe, kwa kuwa ridhaa hutolewa na pia hufutwa. Hukumu ya mwaka 2005 inatoa mfano ulio wazi. Mahakama ilikubali kuwa majeshi ya Uganda yalikuwapo mashariki mwa Kongo kwa ridhaa ya serikali ya Laurent-Désiré Kabila kabla ya Agosti 1998. Ikaamua kwamba ridhaa hiyo ingeweza kufutwa wakati wowote bila utaratibu maalumu, na kwamba kufikia tarehe 8 Agosti 1998 ilikuwa imekwisha kufutwa. Kuanzia hapo, jeshi lilelile lililokuwa mgeni mwalikwa likawa mvamizi. Askari hawakuhama, kilichobadilika ni kauli ya mwenyeji. Mwaka 2022 Mahakama hiyo iliiamuru Uganda kuilipa Kongo fidia ya dola za Marekani milioni 325.

4.0 Matukio Matatu ya Kuondoka

4.1 Mwaka 1964: Kuondoka kwa kukosa fedha

Ujumbe wa kwanza wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, uliojulikana kwa kifupi kama ONUC, ulifikia karibu askari 20,000 katika kilele chake. Ulisaidia kukomesha kujitenga kwa Katanga mnamo Januari 1963. Lakini gharama zake ziliutikisa Umoja wa Mataifa wenyewe: Ufaransa na Muungano wa Kisovieti zilikataa kuzichangia, na suala hilo likafika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyotoa maoni yake Julai 1962. Askari wa mwisho waliondoka tarehe 30 Juni 1964.

Siku ile ya kuondoka haikuchaguliwa kwa kuangalia hali ya usalama. Uasi ulikuwa umekwisha kuanza Kwilu chini ya Pierre Mulele, na upande wa mashariki wapiganaji walioitwa Simba walikuwa wamekwisha kuiteka Uvira. Mwezi Agosti waliiteka Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, walishuka katika mji huo kwa ridhaa ya serikali ya Moïse Tshombe, huku askari mamluki wakisonga mbele kwa njia ya nchi kavu. Mwaka uliofuata Che Guevara na Wakyuba wenzake walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma ili kuwasaidia waasi.

Ndani ya miezi mitano, basi, nafasi ya askari wa Umoja wa Mataifa, ambao angalau walikuwa wakiwajibika kwa Baraza la Usalama, ilikuwa imejazwa na askari wa dola iliyokuwa mtawala wa kikoloni na watu wanaopigana kwa malipo. Wageni walikuwa wametoka, na wageni walikuwa wamerudi.

4.2 Mwaka 2003: Kuondoka kwa mkataba

Mkataba wa Luanda wa tarehe 6 Septemba 2002 kati ya Kongo na Uganda ulipanga kuondoka kwa majeshi ya Uganda. Hakuna mchambuzi makini anayeweza kudai kuwa majeshi hayo yalikuwa na haki ya kubaki. Uganda na Rwanda zilikuwa zimepigana zenyewe kwa zenyewe ndani ya Kisangani mwaka 2000, na wakazi wa mji huo ndio waliozikwa. Huko Ituri, Mahakama baadaye iliamua kuwa Uganda ilikuwa dola inayokalia eneo hilo kijeshi, na kwamba haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda raia na kuzuia uporaji wa maliasili.

Hata hivyo, majeshi hayo yalipoondoka Bunia mwezi Mei 2003, makundi yenye silaha ya Wahema na Walendu yaliingia kugombania mji. Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi cha Uruguay cha askari wapatao 700, kisicho na idhini wala zana za kuuzuia mji usiangamie. Mamia ya watu waliuawa. Maelfu walikimbilia kuzunguka makao ya MONUC na uwanja wa ndege, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484 lililoruhusu kikosi cha dharura kilichoongozwa na Ufaransa, ambacho kilikaa hadi Septemba mwaka huo.

Funzo la Bunia lina pande mbili, na ni kosa kuchukua upande mmoja tu. Uganda ilipaswa kuondoka. Hilo halina mjadala. Lakini wajibu wa kuondoka haukuondoa haja ya kuwapo mtu wa kuulinda mji jioni ya siku ile. Waliopaswa kujiandaa ni Baraza la Usalama na pande zilizotia saini, ambao walijua kwa miezi kadhaa kwamba siku hiyo inakuja.

4.3 Mwaka 2024: Kuondoka kwa kuombwa

Hasira dhidi ya MONUSCO haikuzuka ghafla. Mwaka 2004 Bukavu ilitekwa na waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi mbele ya macho ya walinda amani. Novemba 2008, watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja, mahali palipokuwa na kambi ya walinda amani jirani. Novemba 2012 Goma iliangukia mikononi mwa M23 bila ujumbe huo kuizuia. Kikosi cha kujibu mashambulizi kilileta matumaini mwaka 2013, pale M23 iliposhindwa kwa ushirikiano wake na jeshi la Kongo. Kikosi hicho pia kililipa gharama: tarehe 7 Desemba 2017, shambulio dhidi ya kambi ya Semuliki liliua askari wa Tanzania wasiopungua 14. Lakini M23 ilipoibuka upya mwishoni mwa mwaka 2021 na kuitwaa Bunagana Juni 2022, wananchi wengi walikata shauri kwamba ujumbe huo hauna faida. Maandamano ya Julai 2022 huko Goma, Butembo na kwingineko yaliishia kwa vifo vya watu zaidi ya 30, wakiwamo walinda amani. Tarehe 30 Agosti 2023, askari wa Kongo wenyewe waliwaua watu zaidi ya 40 mjini Goma waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya ujumbe huo.

Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi aliuambia Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuwa anataka kuondoka kwa MONUSCO kuanze Desemba mwaka huo, badala ya Desemba 2024. Azimio namba 2717 la Desemba 2023 liliridhia mpango wa awamu, ukianzia Kivu ya Kusini. Kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa kwa polisi wa Kongo Februari 2024, na kufikia mwisho wa Juni ujumbe ulikuwa umefunga shughuli zake katika jimbo hilo. Mwezi uliofuata serikali ya Kongo ilitangaza kuwa mazingira ya kuendelea na awamu ya pili Kivu ya Kaskazini hayapo. Desemba 2024 Baraza liliongeza muda wa ujumbe kwa mwaka mmoja.

Ndipo yakatokea matukio yanayompa mtafiti ulinganisho adimu. Tarehe 27 Januari 2025 M23, ikisaidiwa na jeshi la Rwanda, iliingia Goma, mji wenye kambi za MONUSCO. Katikati ya Februari iliingia Bukavu, mji ambao MONUSCO ilikuwa imeondoka miezi minane kabla, kisha ikasonga kusini hadi Kamanyola. Miji yote miwili ilitekwa. Kwa hiyo, anayedai kuwa kubaki kwa walinda amani kungeiokoa Bukavu hana ushahidi, kwani kubaki kwao hakukuiokoa Goma.

Tofauti iko kwingine. Huko Goma, mamia ya askari na polisi wa Kongo waliosalimisha silaha, wengine pamoja na familia zao, walipata hifadhi ndani ya kambi za Umoja wa Mataifa. Kuanzia tarehe 30 Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuwasindikiza hadi Kinshasa. Bukavu haikuwa na kambi kama hizo. Ulinganisho huu una mipaka yake: Goma ilipiganiwa kwa silaha nzito na vifo vyake vilikuwa vingi, ilhali jeshi la Kongo liliihama Bukavu bila mapigano makubwa ndani ya mji. Haidhihiriki, basi, kwamba walinda amani hupunguza vifo katika kila hali. Kinachodhihirika ni kidogo kuliko hicho, lakini si haba: mahali walipokuwapo, palikuwa na ua ambao mtu aliyesalimisha silaha angeweza kuukimbilia akaishi.

5.0 Mjadala

5.1 Hoja ya kuondoka

Wanaotaka majeshi yote ya kigeni yaondoke wana hoja nzito. Ya kwanza ni mamlaka ya nchi: taifa ambalo usalama wake uko mikononi mwa wengine huchelewa kujenga jeshi lake. Ya pili ni rekodi. Ujumbe uliokaa zaidi ya miaka 20, ukitumia fedha nyingi, hauwezi kukataa kupimwa kwa matokeo. Na kashfa za unyanyasaji wa kingono zilizofichuliwa tangu miaka ya 2000 ziliongeza jeraha juu ya jeraha. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waandamanaji wa Goma walikuwa wakisema jambo hilohilo: kama hulimi, ondoka.

Methali hiyo, hata hivyo, haimfukuzi mgeni. Inampa kazi, kisha inampima kwa kazi hiyo. Ikitumiwa kikamilifu, inauliza pia ni jembe gani mgeni alipewa. Kikosi cha Uruguay mwaka 2003 kilipelekwa Bunia bila idhini ya kupigana vita iliyokuwa ikikisubiri. Lawama za kushindwa kwake ni za waliomtuma kabla ya kuwa za askari mwenyewe.

5.2 Hoja ya kubaki

Wanaotaka majeshi yabaki hutaja ombwe. Matukio matatu yaliyoelezwa yanawaunga mkono kwa kiasi fulani: mwaka 1964 ombwe lilijazwa na Wabelgiji na mamluki, mwaka 2003 na makundi ya wanamgambo kisha Wafaransa, na baada ya mwaka 2024 na M23. Hata kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilipoondolewa Desemba 2023, kile cha SADC kiliingia katika mwezi huohuo. Huko Djugu, Ituri, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa ndani walijenga vibanda vyao katika eneo la Rhoe kwa sababu moja, nayo ni kambi ya walinda amani iliyokuwa jirani. Kwa watu hao, kuondoka kwa ujumbe ni suala la mahali pa kulala, kabla ya kuwa suala la diplomasia.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaweza kutumiwa na kila mtu, hata na asiyealikwa. Kama ombwe ni sababu tosha ya kubaki, basi jeshi vamizi nalo litadai kwamba likiondoka patatokea maafa, na huenda litakuwa limechangia kuyaandaa maafa hayo. Hapa ndipo mgawanyo wa sehemu ya tatu unapohitajika.

5.3 Sharti ni haki ya nani?

Makala haya yanapendekeza kuwa suala la masharti liamuliwe na ridhaa. Jeshi lisiloalikwa haliwezi kuweka masharti ya kuondoka kwake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumpa mvunja sheria mamlaka ya kuamua lini ataacha kuivunja. Hofu ya Rwanda kuhusu FDLR ina historia ya kweli na inastahili kushughulikiwa, lakini njia yake ni kuwapokonya silaha wapiganaji hao kwa makubaliano na kwa usimamizi wa wengine, si kuikalia miji ya jirani. Azimio namba 2773 lilipotumia maneno "bila masharti" lilikuwa likifuata mantiki hiyo. Na muda wote ambao jeshi la aina hii halijaondoka, linabaki na wajibu wa kuwalinda raia walio chini yake, kama hukumu ya mwaka 2005 ilivyoweka wazi. Wajibu wa kuondoka na wajibu wa kulinda huenda pamoja.

Kwa jeshi lililoalikwa mambo ni kinyume. Mwenyeji ana haki ya kulitaka liondoke hata kesho, na haki hiyo haipingwi. Lakini haki ya kufukuza si sawa na busara ya kuchagua siku. Mwenyeji anapoweka tarehe kwa kuangalia uchaguzi, na mgeni anapoipokea kwa kuangalia bajeti, raia hayumo katika hesabu ya yeyote kati yao. Uamuzi wa Kinshasa wa Julai 2024 wa kusimamisha awamu ya pili ulikuwa ungamo la kweli kwamba tarehe ilikuwa imetangulia matayarisho.

Mfano wa SADC unaongeza jambo moja. Viongozi wa jumuiya hiyo walihitimisha ujumbe wao tarehe 13 Machi 2025, baada ya Goma kutekwa na baada ya Afrika Kusini peke yake kupoteza askari 14. Kuanzia mwisho wa Aprili misafara yao ilipitia Rwanda kuelekea Tanzania. Jeshi lililokwenda kuisaidia Kongo dhidi ya M23 lilitoka kwa kupita katika nchi inayotuhumiwa kuisaidia M23. Utaratibu wa kuondoka usipopangwa wakati wa nguvu, hupangwa na aliyeshinda.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Swali la makala haya lilikuwa iwapo majeshi ya kigeni yaondoke mashariki mwa Kongo. Jibu ni kwamba yote yanapaswa kuondoka, lakini si kwa namna moja wala kwa siku moja. Lisiloalikwa liondoke sasa, bila kungoja. Lililoalikwa liondoke pale maswali manne yatakapokuwa na majibu yaliyoandikwa na kutangazwa kwa wananchi. Kwanza, ni kikosi gani, chenye idadi gani na mishahara inayolipwa na nani, kitakachoipokea kila kambi? Pili, raia waliokuwa wakilala karibu na kambi hiyo watahamia wapi? Tatu, nani ataendelea kurekodi mauaji na ubakaji katika eneo hilo ili ushahidi usipotee? Nne, ni nani atakayeziba pengo endapo mpokeaji atashindwa katika miezi ya mwanzo?

Maswali hayo ni ya kawaida mno, na huenda yakaonekana hayastahili mezani kwa Baraza la Usalama. Lakini Bunia iliangamia kwa kukosa jibu la swali la kwanza na la nne, na wakazi wa Rhoe wangali wakiishi ndani ya swali la pili. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu swali la kwanza hasa, yaani mwenendo wa polisi na jeshi la Kongo katika kambi walizokabidhiwa Kivu ya Kusini kati ya Februari 2024 na Februari 2025. Kipindi hicho cha mwaka mmoja ndicho kitakachoonesha kama makabidhiano yalishindwa kwa sababu yalifanyika mapema, au kwa sababu yalifanyika bila kumkabidhi mpokeaji kitu chochote zaidi ya funguo.